Ngozi Juu ya Nyonga

Vazi la baakisimba, ngoma ya Waganda ambayo mgeni wa Kampala huonyeshwa kabla ya nyingine zote, lina kiungo kimoja kinachobeba kazi, na vilivyobaki vinakisindikiza. Kiungo hicho ni ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, inayofungwa nyuma juu ya nyonga, juu ya mafundo ya kitambaa ambayo tayari yamekwisha kunenepesha kiuno. Anayetaka kulihakiki vazi hili aanzie hapo, kwa sababu kila uamuzi mwingine, tangu urefu wa sketi hadi utulivu wa blauzi, umefanywa kwa ajili ya ngozi hiyo.

Kaa viti vya nyuma pale Ndere Centre, Ntinda, uangalie. Mchezaji anaingia kwa hatua fupi fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo, mikono imenyanyuliwa pembeni, kifua na kichwa vimetulia, uso unatabasamu kana kwamba hakuna kinachoendelea huko chini. Mwendo wote umeshushwa kiunoni. Nyonga zinaenda kulia, na manyoya yanachelewa. Yanapofika kulia, nyonga zimekwisha kurudi kushoto. Jicho linahesabu mapigo mawili pale ambapo mwili umepiga moja. Ndivyo zinavyofanya pia ngoma zenyewe: embuutu inaweka mdundo, na engalabi, ile ndefu yenye uso wa ngozi ya kenge, inapenya katikati ya mapigo yake. Manyoya ni engalabi ya mwili. Mtu wa safu ya mwisho, asiyeweza kuona misuli wala jasho, anausoma mdundo wote katika ule mchelewo.

Nimeanza na ngozi hii kwa sababu kila mara vazi la densi ya tumbo ya Misri linapotajwa pamoja na Uislamu, mazungumzo huishia kupima: mwili umeonekana kiasi gani, umefunikwa kiasi gani. Kipimo hicho kina maana yake, na nitakirudia. Lakini hakisemi lolote kuhusu vazi linafanya nini na mwendo, na bila kulijua hilo hatuwezi kujua hata kinachobishaniwa. Kampala ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili upya, maana hapa ngoma ya nyonga na dini ya Kiislamu zimekaa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja na sabini, na zimesimama jukwaa moja.

Tazama nyuma ya wachezaji. Wapiga ngoma wengi wamevaa kanzu nyeupe, yenye urembo wa uzi wa damu ya mzee shingoni, ukishuka kifuani hadi tumboni na kurudi kwenye ncha za mikono. Waganda huuita omuleela. Kanzu ilifika Buganda na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani. Ahmed bin Ibrahim, aliyefika baraza la Kabaka Ssuuna II mwaka 1844, ndiye anayekumbukwa kwa kumweleza mfalme habari za Mungu mmoja. Mwana wa Ssuuna, Mutesa I, alikwenda mbali zaidi: tangu 1867 akafunga Ramadhani, akasalisha, akaagiza watu wa ikulu wasalimiane kwa salamu za Kiislamu. Hakutahiriwa, kwani mila haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike, na hapo ndipo maafa yalipoanzia. Vijana wa ikulu waliokataa kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa na kula nyama ya wachinjaji wake waliuawa Namugongo katikati ya miaka ya 1870, takriban miaka kumi kabla ya Wakristo wanaokumbukwa mahali hapo hapo kila tarehe 3 Juni. Imani ilikuwa na gharama yake. Nguo iliyokuja nayo, kwa upande mwingine, ilipokelewa na wote, na leo Mkatoliki wa Masaka huvaa kanzu na koti juu yake aendapo kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, bila kujiuliza ilitoka wapi.

Kwa mhakiki wa umbo, muhimu ni jinsi kanzu inavyoanguka. Inashuka kutoka mabegani hadi kwenye vifundo vya miguu bila kusimama popote, haina kiuno. Mbele yake wanacheza wanawake ambao vazi lao halina kingine ila kiuno. Mistari myeupe ya wima huko nyuma, tikisiko la mlalo huku mbele. Ukiwavua wapiga ngoma kanzu ukawavalisha ngozi na makuti, kama vikundi vingine vifanyavyo kuwafurahisha watalii, picha inachafuka mara moja: macho hayana tena ukuta wa kuegemea, na nyonga za mchezaji zinapotea kati ya vitu vingine vinavyotikisika. Vazi lililoletwa na Uislamu linafanya kazi ndani ya ngoma hii. Bila hilo weupe haupo, na bila weupe manyoya hayasomeki.

Chini ya ngozi kuna nguo, na nguo hiyo nayo imepita mikono mingi. Ya kale ni ya gome la mti wa mutuba, lililopondwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika. Ufundi huo UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mwanamke alijifunga gome hilo kupita makwapani na kulishika kwa mshipi. Biashara ya pwani ikaleta merikani na kaniki, watu wakafunga vile vile kwa kitambaa kipya. Kisha likaja gomesi, ambalo wengine huliita busuuti. Simulizi inayokubalika zaidi ni kwamba fundi Mgoa, Caetano Milagres Gomes, alilishona kwa ajili ya wasichana wa shule ya wamisionari ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, na kwamba Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, alilipa hadhi alipolivaa kwenye sherehe za kutawazwa mwaka 1914.

Gomesi ndilo linalonishangaza kuliko yote. Shingo ya pembe nne, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka kwenda juu, mikono mifupi, kitambaa kinachofikia mita sita, urefu wa kugusa ardhi. Kila kipimo ni cha adabu ya shule ya misheni. Halafu angalia mshipi unapofungwa: haukai kiunoni pembamba kama kwenye gauni la Kizungu, unashuka chini, juu ya nyonga zenyewe, na fundo lake linaachwa lining'inie mbele. Ndani yake mwanamke hujifunga kikoyi ili nyonga zijae na kitambaa kisigande mwilini. Kwa hiyo nguo iliyokusudiwa kumsitiri msichana kuanzia shingo hadi nyayo ilijengwa juu ya mhimili ule ule wa baakisimba. Wamisionari waliikemea ngoma. Fundi akashona kiini chake ndani ya sare. Leo mwanamke wa Kiislamu wa Kibuli au Kawempe huvaa gomesi hilo hilo, akaongeza mtandio kichwani, na hakuna anayeona mgongano.

Sasa Misri. Vazi ambalo dunia nzima inalijua, sidiria ya shanga, mkanda mzito wa nyongani, sketi nyepesi na tumbo wazi katikati, lina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Edward Lane, aliyeandika juu ya maisha ya Cairo katika kitabu chake cha mwaka 1836, aliwakuta wachezaji wa ghawazi wakiwa na nguo za wanawake wa mjini: vazi refu lililobana kiwiliwili, suruali pana, na shali iliyofungwa nyongani. Miaka miwili kabla ya kitabu hicho kutoka, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alikwisha kuwafukuza Cairo na kuwapeleka Misri ya Juu, Esna na kwingineko. Tumbo wazi lilitoka upande mwingine wa bahari. Chicago iliuza tiketi za densi hiyo kwenye maonyesho makubwa ya 1893. Maud Allan, mzaliwa wa Kanada, alicheza Salome huko Vienna mwaka 1906 akiwa na vikombe vya shanga kifuani na sketi inayopenya mwanga. Filamu za Hollywood zikafuata mkondo huo. Badia Masabni alipofungua ukumbi wake wa burudani Cairo mwaka 1926, jukwaa lake lilikuwa kubwa, wateja wake walikuwa Wamisri wenye uwezo, maofisa wa Kiingereza na wageni, na wote walikuwa wameshaona picha hizo. Wachezaji Tahia Carioca na Samia Gamal walipita mikononi mwake kabla ya sinema kuwachukua. Vazi ambalo watu huliita uso wa Mashariki ya Kiislamu lilishonwa kwa sehemu kubwa kwa macho ya Ulaya na Marekani.

Wakati huo huo ndani ya vazi hilo kuna akili ya kale iliyosalia, nayo ni mkanda wa nyongani wenye matamvua. Matamvua yale yanafanya kazi ile ile ya manyoya ya mbuzi: yanachelewa, yanajibu, yanapeleka mtikisiko hadi safu ya nyuma. Mtu aliyewahi kukaa mbele ya baakisimba hawezi kukosea kuutambua ujuzi huo. Kasoro ya vazi la Cairo, na hapa nasema kama mhakiki kabla ya kusema kama Mwislamu, ni kwamba limelipa jicho kazi mbili. Tumbo wazi linaita, matamvua yanaita, na mara nyingi tumbo linashinda, mkanda unageuka pambo. Samia Gamal aliweza kuvishika vyote viwili kwa sababu mikono yake ilikuwa inaliongoza jicho la mtazamaji. Wengi waliomfuata hawakuweza.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ya Misri iliwataka wachezaji wafunike tumbo, na jibu la mafundi likawa wavu mwembamba wa rangi ya mwili. Ukiuangalia karibu unaona jinsi amri ilivyotekelezwa kwa herufi: kitambaa kipo, na kila kilichokuwa kikionekana bado kinaonekana. Mahmoud Reda, alipoanzisha kikundi chake cha ngoma mwaka 1959, alichagua njia nyingine. Farida Fahmy na wenzake walivaa magauni marefu na kitambaa kilichofungwa nyongani, wakairudisha shali ya zamani mahali pake. Familia za Kiislamu zilizoona aibu kutaja kumbi za usiku zikawapeleka watoto kuwatazama. Miaka michache baadaye, Uganda iliyopata uhuru mwaka 1962 nayo iliunda kikundi chake cha taifa, Heartbeat of Africa, na baakisimba ikatoka uani kwa Kabaka kwenda ukumbini. Dola mbili changa, moja ikitaka heshima mbele ya Ulaya, nyingine ikitaka makabila yake yaonane, zote zikafikia fundo la nyongani juu ya nguo ndefu.

Na Uislamu wenyewe unasemaje? Aya ya 31 ya Sura An-Nur ndiyo inayotajwa kila mara, na kwa kawaida hutajwa kwa ajili ya shungi kushushwa kifuani. Isomeke mpaka mwisho. Inaorodhesha kwa urefu watu ambao mwanamke anaweza kudhihirisha pambo lake mbele yao: mume, baba, wana, ndugu, wanawake. Halafu, karibu na mwisho, inakataza miguu isipigwe kwa namna ya kulitangaza pambo lililositirika. Msomaji wa umbo asikimbie hapa. Aya imetambua kwamba kitu kilichofunikwa kabisa kinaweza kusema kwa sauti. Imetambua pia kwamba swali kubwa ni nani yupo chumbani. Mambo hayo mawili, sauti ya kilichofichwa na orodha ya wanaoruhusiwa, yanalieleza vazi la ngoma katika nchi za Waislamu vizuri zaidi kuliko mita za kitambaa.

Pwani yetu imeishi kwa kanuni hiyo muda mrefu. Chakacha ya Lamu na Mombasa ni ya wanawake kwa wanawake, na vazi lake ni kanga iliyokazwa nyongani, kibwebwe chenyewe. Kungwi anamfunda mwari kiuno, na shanga za kiuno hukaa chini ya nguo zisikike na mmoja tu. Buganda ina ssenga, shangazi, mwenye kazi hiyo hiyo, na shanga zake huitwa obutiiti. Bombo, kaskazini mwa Kampala, Wanubi waliotokana na askari wa Sudan ya Misri ambao ofisa wa Kiingereza Lugard aliwaleta mwaka 1891 wanacheza doluka kwenye harusi zao, Waislamu kwa Waislamu, wakiimba kwa Kinubi, Kiarabu chao. Katika nyumba hizo zote nyonga haijawahi kuwa siri. Mlango ndio uliokuwa vazi la kwanza. Mkanda wa Cairo ulipozitoa shanga chini ya nguo na kuziweka juu, mbele ya watu waliolipa kiingilio, ulibadilisha orodha ya waliomo chumbani. Hapo ndipo maulamaa walipokwazwa, na nadhani walikuwa na haki ya kukwazwa, hata kama wengi wao waliishia kulalamikia kitovu.

Uganda ya kisasa nayo ilipenda kipimo cha rula. Idi Amin, Mwislamu, alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Sheria ya kupambana na ponografia ya 2014, iliyopigiwa debe na Simon Lokodo, padri wa zamani wa Kikatoliki aliyekuwa waziri wa maadili, iliwafanya wanawake wavuliwe nguo na makundi ya wahuni mitaani Kampala kwa kisingizio cha kuitekeleza, mpaka Mahakama ya Katiba ilipovifuta vifungu vyake mwaka 2021. Mwislamu na Mkatoliki, miaka zaidi ya arobaini kati yao, na makosa yale yale ya kusoma vazi kwa urefu wake. Baakisimba ilipita salama nyakati zote mbili kwa kuwa sketi yake ni ndefu. Hakuna aliyeuliza ngozi ile juu ya nyonga inafanya nini.

Hebu tujaribu. Chukua vazi la baakisimba, ongeza fulana ya mikono mirefu, ongeza mtandio uliofungwa vizuri, ongeza soksi. Ngoma haipungui hata chembe; kifua na mikono vilikuwa vimetulizwa tangu mwanzo, na utulivu ukivishwa unazidi kuwa utulivu. Fanya hivyo hivyo kwa vazi la Cairo na utabaki na vazi jingine. Kwa kipimo cha kusitiri, Buganda imeshinda. Lakini sasa piga ngoma na umtazame tena huyo mchezaji aliyefunikwa gubigubi. Nyonga zake zinasikika ukumbi mzima, pengine kuliko za mchezaji wa Cairo aliye nusu uchi, na zile kengele ndogo za miguuni, endege, zinafanya lile lile ambalo aya imelitaja. Ndiyo maana Waislamu wa Buganda, walipotaka muziki wa Maulidi na harusi zao, walichagua matali, vigoma vya mkononi vilivyokuja na dini kutoka pwani, na sauti za watu, wakaziacha embuutu na engalabi upande wa pili wa ua. Vazi lingeweza kurekebishwa kwa saa moja. Mdundo ule, pamoja na pombe ya ndizi iliyozoea kuandamana nao, ulikuwa jambo jingine. Ninawaheshimu kwa kuona hilo, ingawa mimi binafsi nisingetaka kuishi Kampala isiyo na engalabi.

Mpaka huo hata hivyo haukulindwa na kila mtu. Nenda kwenye harusi yoyote ya Kiganda, ya Kiislamu ikiwemo, ngoma zikishakolea. Mama mwenye gomesi na mtandio anasukumwa na wenzake katikati, na kabla hajaanza mtu anamtupia sweta. Analifunga nyongani kwa mikono yake, juu ya mshipi uliokuwepo, mikono ya sweta ikakazwa mbele na mgongo wa sweta ukaning'inia nyuma. Sasa anaweza kucheza. Sweta halimstiri zaidi, kwani alikuwa amejistiri tayari, wala halimwonyeshi zaidi. Linampa ule uzito unaochelewa. Watu wasiowahi kusoma neno moja la nadharia ya vazi wanajua kwamba bila kitu kinachochelewa nyonga haina jibu.

Vikundi vingine vinavyokodiwa na hoteli na sherehe za Kampala siku hizi vimeanza kukata blauzi ya baakisimba ikaishia chini ya kifua, kwa kufuata video na filamu. Nalilaumu hilo kwa sababu ya ngoma yenyewe. Ukilifunua tumbo la mchezaji wa baakisimba unafunua sehemu ambayo ngoma imeipa kazi ya kunyamaza, na jicho likishafika huko halishuki tena kwa wakati. Manyoya yanafika kulia, nyonga zimekwisha kurudi kushoto, na mtazamaji aliyekuwa anaangalia kitovu amekosa pigo la pili.